Mtoto akinyamaza kwenye hesabu, usidhani ameelewa

Jumapili moja jioni mwaka 2025 nilivuka feri kwenda kumjulia hali dada yangu anayeishi Likoni. Nilimkuta mpwa wangu, wakati huo akiwa kidato cha pili, ameketi barazani na daftari la hesabu mapajani. Baada ya "Shikamoo, mjomba" na "Marahaba", nilimwomba anionyeshe anachosoma.

Daftari lile, msomaji mpendwa, lilikuwa la kutamanisha. Vichwa vya mada vimeandikwa kwa kalamu nyekundu, mistari imepigwa kwa rula, na karibu kila ukurasa una tiki ya mwalimu. Dada yangu, aliyekuwa jikoni akikaanga viazi karai, alitoa kichwa dirishani akasema kwa fahari: "Huyu hana matata, kaka. Darasani mtulivu, kelele hajui."

Nilichagua swali moja lenye tiki, nikabadilisha namba mbili tu, nikamwambia alifanye tena. Aliliangalia. Akafungua ukurasa wa nyuma, akafungua wa mbele. Mwishowe akasema kwa sauti ya chini: "Hili hatukuandikiwa, mjomba."

Maneno hayo yamenikaa kichwani hadi leo. Hakusema hawakufundishwa. Hakusema haelewi. Kwake yeye hesabu ni kitu kinachoandikwa ubaoni na mtu mwingine, nawe kazi yako ni kukinakili vizuri bila kuchafua ukurasa. Mtihani wa muhula uliotangulia alikuwa amepata alama 19 kwa mia, na karatasi hiyo mama yake hakuwahi kuiona.

Wazazi wengi, na hata walimu, huhangaika na yule mtoto mtundu anayepiga kelele wakati wa hesabu. Yule aliyenyamaza huachwa kwa kudhaniwa ameelewa. Lakini mtoto haachi hesabu siku anapokosa swali. Huacha siku anapoanza kunakili na kunyamaza, na kwa kuwa amenyamaza, hapana anayejua kuwa ameondoka. Mwili uko darasani, dawati la tatu kutoka mbele, lakini mwenyewe hayupo.

Hesabu hazikimbiliki

Jambo hili si dogo. Tangu mtihani wa KCSE ufanywe kwa mara ya kwanza mwaka 1989, hisabati imekuwa somo la lazima. Hata utaratibu wa kukokotoa gredi ulipolegezwa mwaka 2023, hisabati ilibaki palepale pamoja na lugha moja, ndipo yakaongezwa masomo mengine matano ambayo mwanafunzi amefanya vyema zaidi.

Mpwa wangu yumo katika kundi la mwisho la mfumo wa 8-4-4, litakalofanya KCSE mwaka 2027. Zamani mtoto aliyeteleza aliweza kurudia darasa akajipanga upya. Hawa nyuma yao hapana darasa la 8-4-4 la kuwapokea.

Walio nyuma yao ni wa mtaala wa umilisi, ambao kundi lao la kwanza liliingia Gredi ya 10 mnamo Januari 2026. Wazazi watakumbuka mvutano wa mwaka 2025, wakati hisabati ilipokuwa imepangwa iwe somo la hiari katika madarasa hayo ya juu. Mnamo Aprili mwaka huo Waziri wa Elimu, Julius Ogamba, akatangaza kuwa kila mwanafunzi ataendelea na hisabati ya namna moja au nyingine: iliyo nzito kwa wale wa mkondo wa sayansi, na iliyo nyepesi, ya matumizi ya kila siku, kwa wengine. Kwa hivyo, ukiwa mzazi wa mtaala wa zamani au wa mtaala mpya, somo hili utakutana nalo tu.

Mkono ulioshuka

Mimi mwenyewe shimo hili nalijua kwa kuwa niliwahi kutumbukia. Nilisoma shule moja ya kutwa huku bara, ambayo jina lake nalihifadhi. Siku moja nikiwa kidato cha pili niliinua mkono nikamwuliza mwalimu kwa nini hasi mara hasi inazaa chanya. Darasa zima liliangua kicheko. Mwalimu naye akatabasamu, akaniambia: "Wewe shika hivyo hivyo."

Sikupigwa wala sikutukanwa. Viboko vilikuwa vimekwisha kupigwa marufuku mashuleni tangu mwaka 2001. Lakini mkono ule sikuuinua tena katika kipindi cha hesabu hadi namaliza kidato cha nne, na gredi niliyoipata niliificha hata kwa mke wangu kwa muda mrefu.

Jibu la swali langu nililipata miaka mingi baadaye, nikiwa nimeshaajiriwa, kwenye duka moja la mtaani Changamwe. Mwenye duka alikuwa na daftari la madeni. Jirani yangu mmoja alikuwa ameandikwa humo mara tatu, shilingi hamsini kila mara, kumbe kwa makosa. Baada ya kubishana kidogo, mwenye duka alizikata zote tatu kwa kalamu, akasema: "Haya, sasa una mia na hamsini zaidi ya ulivyodhani."

Nilisimama pale na mkate mkononi nimepigwa na bumbuwazi. Deni ni hasi. Kuondoa nako ni hasi. Ukiondoa madeni matatu ya shilingi hamsini, umemwongezea mtu shilingi mia na hamsini. Mambo yote ni hayo! Mwalimu wangu angetumia dakika mbili tu kunieleza, nami pengine nisingeishi miaka yote ile nikiamini kuwa kichwa changu hakikuumbiwa namba.

Wala si mimi peke yangu niliyechekwa. Jirani zetu wa Tanga wana kisa kilicho maarufu duniani kote. Mwaka 1963, katika shule ya sekondari ya Magamba, mwanafunzi wa kidato cha tatu aitwaye Erasto Mpemba alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Kwa kuchelea kukosa nafasi katika jokofu, aliyaweka maziwa yake yakiwa bado ya moto, nayo yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipouliza sababu, mwalimu alimwambia kuwa amechanganyikiwa.

Mpemba hakuliacha swali lake. Alipokuwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza Dkt. Denis Osborne aliyetoka chuo kikuu Dar es Salaam. Wenzake walimcheka tena, lakini Osborne alikwenda akalijaribu jambo lenyewe. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala juu yake, na hadi leo wanasayansi wanabishana kulihusu na kuliita kwa jina la Mpemba. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Tatizo ni kuwa darasani anayeuliza ndiye huonekana mjinga, na anayenakili ndiye huonekana hodari.

"Umelipataje?"

Turudi barazani Likoni. Nilimwandikia mpwa wangu swali jepesi: nusu ukijumlisha na thuluthi ni ngapi? Aliandika haraka: mbili kwa tano. Ulimi ulitaka kusema "Umekosa!", nikauuma. Badala yake nikamwuliza: "Umelipataje?"

"Nimejumlisha juu kwa juu, na chini kwa chini," akajibu.

Nikaomba chapati moja jikoni, nikaikata nusu. "Hii nusu ni yako. Nikikuongezea thuluthi ya chapati nyingine, utakuwa na zaidi ya nusu au chini ya nusu?"

"Zaidi, mjomba."

"Na mbili kwa tano ni zaidi ya nusu au chini yake?"

Alifikiri kwa muda mrefu. Kisha akainua macho: "Ni chini! Kwani mumeninyang'anya?"

Tulicheka sote, hata mama yake kule jikoni. Baada ya hapo alitwaa kisu mwenyewe. Akagundua kuwa chapati ikikatwa vipande sita vilivyo sawa, nusu ni vipande vitatu na thuluthi ni viwili, jumla vitano kwa sita. Sikumfundisha kanuni yoyote. Nilimwuliza tu alivyofika alipofika, kisha nikampa kitu cha kulinganisha.

Hapo ndipo nilipoona ufa ulipoanzia. Mtoto alikuwa akihangaika na aljebra ya kidato cha pili, lakini tatizo lake lilikuwa ni sehemu, mambo ya shule ya msingi. Kila mada mpya ilijengwa juu ya ufa ule, na usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukimwongezea maswali ishirini ya aljebra mtoto wa namna hii, unampiga plasta juu ya ukuta uliopasuka.

Swali hili la "umelipataje?" ndilo dawa ya kwanza ya ukimya, na halina gharama. Liulizwe jibu likiwa kosa, na liulizwe hata jibu likiwa sahihi, la sivyo mtoto atajua kuwa kila akiulizwa amekosa. Anayeeleza hatua zake hawezi kuwa amenakili. Na akiwa amenakili, atajulikana mapema, kabla mtihani haujamwumbua.

Darasa la wanafunzi sitini

Najua walimu watasema: "Wewe ulikuwa na mtoto mmoja na chapati moja. Sisi tuna sitini, joto la kaskazi, na paa la mabati." Ni kweli. Lakini kuna mambo yanayowezekana hata humo.

La kwanza ni kumpa kila mtoto nafasi ya kufikiri kabla ya yule hodari kupayuka. Mwalimu aandike swali moja ubaoni. Kwa dakika mbili kila mmoja alijaribu peke yake, kimya. Kwa dakika tatu aelezane na jirani yake wa dawati. Kisha mwalimu aite mtu mmoja, asiwe yule yule wa kila siku, aeleze walivyofikiri wawili wale. Mtoto mwoga hawezi kusema mbele ya watu sitini, lakini kwa jirani yake atasema. Na akiitwa, si yeye peke yake anayechekwa, wako wawili.

La pili ni kuyapa makosa heshima yake. Mwalimu anaposahihisha madaftari huona kosa lile lile mara thelathini. Achague makosa matatu, ayaandike ubaoni bila jina la mtu, aseme: "Hizi hatua zinakaribia ukweli. Nani ataona zilipopotea njia?" Ghafla darasa zima linakuwa fundi wa kutengeneza gari bovu, na kosa linakoma kuwa aibu ya mtu mmoja.

La tatu ni kuanza kipindi kwa maswali manne mafupi, bila kufungua daftari: moja la jana, moja la wiki iliyopita, moja la muhula uliopita, na moja la mwaka jana. Hayana alama za kurekodiwa. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walionyesha kuwa wanafunzi waliosoma kifungu kisha wakajipima walikumbuka zaidi baada ya wiki moja kuliko wale waliokisoma tu tena na tena. Ajabu ni kuwa waliorudia kusoma walifanya vyema zaidi walipopimwa dakika chache baadaye. Ndiyo maana mtoto anayesoma daftari lake usiku huamka akidhani anajua, na wiki ya mtihani yote yamepeperuka.

Fikira hizi si ngeni kwetu. Mwaka 1998 serikali ya Kenya ikisaidiwa na Japani ilianzisha mradi wa SMASSE wa kuimarisha ufundishaji wa hisabati na sayansi katika shule za upili. Mafunzo yake, ambayo baadaye yalishikwa na kituo cha CEMASTEA kilichoko Karen, Nairobi, yalisisitiza mambo yale yale: mwanafunzi atende, afanye majaribio, awe yeye mwenye somo, na mwalimu abuni vifaa kutokana na vitu vilivyopo. Walimu wengi walipitia mafunzo hayo. Kinachobaki ni kuyatoa kwenye faili na kuyaingiza katika kipindi cha saa nane mchana.

Hisabati za kivukoni

Wanafunzi huuliza swali moja ambalo walimu hulichukia: "Hii itatusaidia nini?" Sisi wa Mombasa bara hatuna haja ya kwenda mbali kulijibu.

Chukua maji ya bahari. Mtoto wa Likoni anajua kuwa maji yakipwa, daraja la kupandia feri huwa na mteremko mkali na wasukuma mikokoteni hutoka jasho. Huo mteremko ndio ule unaofundishwa kwenye grafu. Mvuvi naye anajua kuwa toka maji kujaa hadi kujaa tena ni takriban saa 12 na dakika 25, na kwa hivyo kesho yatachelewa kwa kama dakika 50. Wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Mwambie mwanafunzi wa kidato cha juu achore kimo cha maji kwa siku mbili. Mchoro utakaotokea, wenye kupanda na kushuka kwa mpango, unakaribiana sana na ule wa trigonometria unaomtisha kitabuni. Kumbe amekuwa akiuvuka kila asubuhi!

Mtoto wa Changamwe amezungukwa na makontena. Kontena dogo lina futi 20 kwa urefu, futi 8 kwa upana, na futi 8 na nusu kwa kimo. Ujazo wake kwa kipimo cha nje ni futi 1,360 za ujazo. Je, katoni yenye futi moja kila upande zinaweza kuingia ngapi, na kwa nini haziwezi kufika 1,360? Swali hilo la pili ndilo litakalowafanya wabishane. Kuta za kontena zina unene, na nusu futi ya juu haitoshi katoni.

Wa Kisauni wana Kongowea jirani. Mchuuzi amepandisha bei ya viatu vya shilingi 1,000 kwa asilimia 20, kisha akaandika "Bei imepunguzwa kwa asilimia 20". Je, bei imerudi palepale? Wengi watasema ndiyo. Ikipanda inafika 1,200. Ikipunguzwa inashuka hadi 960. Mwache mwanafunzi atafute mwenyewe zile shilingi 40 zimekwenda wapi.

Halafu kuna mikopo ya simu, ambayo imeingia kila nyumba. Mkopo wa shilingi 1,000 unaolipwa 1,075 baada ya mwezi huonekana mdogo. Mwambie kijana akokotoe kana kwamba halipi, na riba inazaa riba kwa kiwango hicho hicho kwa miezi 12. Atapata takriban shilingi 2,382. Hii ni mada ya kidato cha tatu, lakini pia ni maisha ya baba yake.

Na sisi tuna sababu nyingine ya kuziheshimu namba. Mnamo Aprili 29, 1994, feri ya Mtongwe ilipinduka. Chombo kilichoruhusiwa kubeba watu 300 kilikuwa na watu wapatao 400, na 272 kati yao walikufa. Sisemi msiba ule ufanywe zoezi la darasani, maana ziko nyumba ambazo bado zinalia. Nasema tu kwamba kijana wa pwani anapofundishwa ile alama ya "isizidi", asiambiwe kuwa ni alama ya mtihani. Ni neno zito.

Kuna na lile la kusema hesabu si za wasichana. Anayesema hivyo na asimame dakika kumi kando ya mama anayeuza viazi karai jioni. Wateja wanne kwa pamoja, kila mmoja na noti yake, chenji haikosewi hata shilingi, na karatasi hana.

Mzazi asiyejua hesabu afanyeje?

Wazazi wengi huniambia: "Mimi mwenyewe zilinishinda, nitamsaidiaje?" Kwanza, neno hilo usiliseme mbele ya mtoto. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2015 kuhusu watoto wa darasa la kwanza na la pili ulionyesha kuwa wazazi wenye hofu ya hesabu waliposaidia mara kwa mara kazi ya nyumbani, watoto wao walijifunza kidogo zaidi, nao wakaishia na hofu hiyo hiyo. Hao walikuwa wadogo, lakini kijana wa miaka kumi na sita naye husikia. Ukimwambia "kwetu hapana mtu wa hesabu", umempa ruhusa ya kuacha.

Pili, huhitaji kujua jibu. Mwambie: "Nieleze kama unavyomweleza mtu asiyejua." Keti umsikilize. Akikwama, mwulize: "Mpaka hapa ulipofika una hakika?" Atajua mwenyewe ufa uko wapi, na kesho atakuwa na swali la kumpelekea mwalimu. Swali moja lililoandikwa kwenye kipande cha karatasi ni rahisi kwa mtoto mwoga kuliko mkono ulioinuliwa.

Tatu, usipime bidii kwa wingi wa kurasa. Wanafunzi wa kutwa huamka alfajiri, hupiga foleni, hurudi na giza. Maswali matatu anayoweza kuyaeleza yana faida kuliko ishirini aliyonakili kwa rafiki yake juu ya feri. Hata mtihani wa KCSE hutoa alama kwa hatua. Katika kila karatasi kuna maswali mafupi 16 yenye alama 50, kisha maswali manane marefu ya kuchagua matano, kila moja alama 10. Anayeandika hatua zake huokota alama hata jibu likimponyoka. Aliyezoea kunakili huacha pengo tupu.

Nne, kabla hujakimbilia kulipa tuisheni, mwone mwalimu. Tuisheni za likizo sheria ya elimu ya mwaka 2013 ilizikataza, na nyingi za mitaani ni kunakili kule kule kwa malipo. Peter Tabichi, mwalimu wa hisabati na fizikia katika shule ya kutwa ya Keriko huko Njoro, aliposhinda tuzo ya mwalimu bora duniani mwaka 2019, shule yake ilikuwa na kompyuta moja tu. Alichofanya yeye na wenzake ni kuwasaidia mmoja mmoja wale waliobaki nyuma, nje ya vipindi, naye mwishoni mwa juma akawatembelea wanafunzi nyumbani ili ajue wanalolibeba kabla hawajafika darasani. Mwalimu wa watoto sitini hawezi kuzunguka Kisauni yote. Lakini mzazi aweza kwenda shuleni, akamwambia: "Mwalimu, mtoto wangu ni mtulivu, nami nahofia utulivu wake."

Daftari limechafuka

Mwanzoni mwa mwaka 2026 nilivuka tena kwenda Likoni. Mpwa wangu sasa yuko kidato cha tatu. Dada alinipokea kwa malalamiko: "Tazama daftari la mtoto lilivyokuwa, kaka! Makatomakato kila mahali."

Nililifungua. Kweli, lilikuwa limechafuka. Hatua zimekatwa, zimeandikwa upya, pembeni kuna alama za kuuliza kwa kalamu ya risasi. Mtihani wa mwisho alikuwa amepata 34. Si alama za kupigia vigelegele, na mwaka 2027 hauko mbali. Lakini safari hii ile karatasi ilikuwa imebandikwa ukutani karibu na kalenda, na maswali aliyokosa ameyafanya tena chini yake.

Tulipokuwa tukinywa chai aliniuliza: "Mjomba, kwa nini haifai kugawanya kwa sifuri? Mwalimu amesema tukatafute."

Nilikuwa na jibu mdomoni: shika hivyo hivyo. Nikalimeza pamoja na chai. Nikamwambia sijui vizuri, nipe wiki moja, na yeye pia atafute, tuone nani atatangulia. Nilianza kulifikiria nikiwa juu ya feri, nikajaribu kugawia chapati kumi watu wasiokuwapo. Msomaji, nawe lijaribu na wanao jioni ya leo. Lakini usiwape jibu upesi. Waulize kwanza wamelipataje.

Hadi Jumapili ijayo.